Kidonge Kipo, Mlaji Hataki

Jamani nisogezeeni hicho kigoda, leo nina la moyoni. Kwangu kuna mtu mmoja tu anayekula kwa kuchagua, na mtu huyo ana mkia. Sisi wengine tunakula kilichopo. Mama Nuru akisema leo dagaa, ni dagaa. Akisema dagaa walewale wa jana, tunasema ahsante mama. Yeye akiwekewa bakuli anasogea polepole, ananusa, anainua kichwa, ananitazama usoni. Halafu anaondoka zake. Ananiacha nimesimama na mwiko mkononi, kwangu mwenyewe, Goba, kwenye nyumba ambayo mpaka leo nadaiwa bati.

Jina lake Meneja. Sikumpa mimi. Kuna jamaa alikuwa na bucha, nikamkopesha laki mbili. Siku anahama mji kurudi kwao Songea, badala ya hela akaniletea mbwa. Akasema kaka, huyu baba yake mbwa wa Kijerumani kabisa, thamani yake laki tatu, hiyo moja iliyozidi utanitumia taratibu. Mpaka leo ananipigia simu kuidai laki yake. Na mimi napokea. Namwambia mwisho wa mwezi.

Sasa mbwa aliyekulia bucha usimchukulie poa. Meneja anaijua steki. Anaijua nundu. Nyama iliyolala anaijua akiwa bado getini. Mimi na umri wangu huu nikitumwa nyama nasema tu, "nusu kilo, changanya," muuzaji ananiwekea anachotaka kukiondoa dukani. Kwa hiyo kwenye mambo ya msosi, msomi wa nyumba ni yeye.

Amezeeka lakini. Ana miaka 11, kilo 34, na nyingi kati ya hizo ni ugali. Mwaka huu akaanza kuchechemea. Asubuhi anainuka kwa awamu. Kwanza mbele. Anapumzika. Halafu nyuma, huku anatazama pembeni ili asionekane. Kile kingazi kimoja cha barazani akawa anakifikiria kwanza kabla ya kukipanda. Mwizi angeingia saa tisa usiku, angekuwa keshafika Tegeta na redio yangu ndipo Meneja anamaliza kusimama.

Nikaita daktari wa mifugo. Akaja binti mdogo na bodaboda, gambuti miguuni, anatoka kuzalisha ng'ombe huko Madale. Akaniamkia vizuri. Akamshika Meneja nyonga, akaukunja mguu, akaunyoosha. Meneja akaguna. Mimi nikaguna pia, sijui kwa nini.

"Mzee, hii ni osteoathraitisi. Gegedu imelika."

Nikaitikia kwa kichwa. Huwa naitikia. Akaona sijaelewa, akanieleza kwamba gegedu ndiyo ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo isisagane. Ikilika hairudi ilivyokuwa. Mbwa anaumwa, anapunguza kutembea, misuli inasinyaa, ananenepa, anaumwa zaidi. Nikamwambia hiyo hata mimi ninayo. Nikamwonyesha diklofenaki zangu za mfuko wa shati, nikamuuliza nimkatie nusu? Binti aliruka, jamani. Akasema usithubutu. Diklofenaki, ibuprofeni, paracetamoli, hizi za binadamu usimpe mbwa kwa kukisia. Zinaweza kumtoboa tumbo, zinaweza kumuua figo au ini. Dawa ya maumivu ya mbwa ipo na atampimia yeye. Na mimi nikaambiwa zangu nipunguze, ushauri ambao sikuulipia.

Akaniandikia karatasi ya virutubisho vya viungo. Mwandiko wa daktari ni uleule, awe wa watu awe wa ng'ombe. Nilichofanikiwa kusoma ni neno moja, glukosamini. Nikaenda na hilo.

Duka la dawa za mifugo pale barabarani kijana hakuinua hata macho kwenye simu. Akauliza, "Kuku wangapi?" Nikamwambia sina kuku, nina mbwa anaumwa viungo. Akasema kuna dawa ya minyoo. Nikamwambia viungo. Akasema kuna ya kupe. Nikanunua ya kupe, nisitoke mikono mitupu.

Nikaenda duka la dawa za watu. Hapo ndipo nilipodhalilika rasmi.

"Dada, naomba glukosamini."

"Ya nani, baba?"

"Ya Meneja."

Akakaa vizuri. "Ana umri gani?"

"Miaka 11."

Kalamu ikasimama. "Mtoto wa miaka 11 anaumwa magoti?"

"Nyonga zaidi. Na kazi yenyewe ya kukesha."

"Kazi gani?"

"Mlinzi."

Foleni nyuma yangu ikanyamaza. Mama mmoja mwenye kikapu akashusha kikapu. Dada akauliza kwa sauti ya chini, analala wapi? Nikajibu barazani, kwenye gunia, lakini ni gunia zuri. Anakula? Anasusa, nikasema, na akisusa nazuia wenzake wasimpe kitu mpaka alegee. Mama wa kikapu akasema, "Toba!" Kijana mmoja akatoa simu, sijui alitaka kumpigia nani. Ndipo nikapaza sauti, jamani ana mkia! Wakacheka. Walicheka mno. Kijana wa simu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini yule dada alikuwa mtu wa maana. Akageuza kopo, akasoma maandishi madogo nyuma, akasema hizi za kutafuna za watu zina zailitoli, sukari bandia, na kwa mbwa ni sumu, inamshusha sukari ya damu ghafla. Akalirudisha juu ya rafu, mbali na mkono wangu.

Mwishowe nikapanda magari mawili mpaka Masaki, kwenye duka la vyakula vya mbwa na paka. Ndani kuna kiyoyozi. Kuna vitanda vya mbwa ambavyo nimevigusa, na godoro langu halifikii. Binti muuzaji akaniuliza, mbwa wako anapenda ladha gani, kuku, ini, au siagi ya karanga? Nikakosa jibu. Miaka hamsini nipo duniani hakuna aliyewahi kuniuliza mimi napenda ladha gani. Nikasema ini. Akanionyesha kopo dogo na kopo kubwa, akasema kubwa ukipiga hesabu ni nafuu. Maneno hayo mawili, "ni nafuu", mimi nikiyasikia akili inatoka nje kuvuta hewa. Nikanunua kubwa. Bei siisemi hapa, Mama Nuru anasoma gazeti hili.

Nikiwa kwenye daladala nikalisoma kopo. Glukosamini inatokana na magamba ya kamba na kaa. Kondroitini inatoka kwenye gegedu za wanyama, mara nyingi koromeo la ng'ombe. Nikarudia kusoma. Koromeo la ng'ombe! Lile bomba la kupitishia hewa ambalo kule bucha Meneja alikuwa anatupiwa bure kila siku, mengine anayakataa. Limepanda ndege, limekaushwa, limesagwa, limewekwa kwenye kopo lenye picha ya mbwa anacheka, nami nimelinunua kwa hela ya ada.

Haya, kumpa sasa. Kidonge kimeandikwa "ladha ya ini". Nimekinusa, kinanuka boksi la viatu. Nikamwekea kiganjani. Akakinusa, akanitazama kwa huruma. Nikakificha ndani ya tonge la ugali. Akala tonge, akatema kidonge kikiwa kikavu kabisa, akakiweka juu ya kandambili yangu. Hakukitupa. Alikiweka. Nikakifunga na ini lenyewe, ini la hela, Mama Nuru akiwa amesimama mlangoni na mikono kiunoni. Meneja akatafuna kwa utulivu, akameza, akafunga mdomo. Nikapiga makofi. Akafungua mdomo upande wa kushoto na kidonge kikadondoka. Mama Nuru hakusema neno. Angesema ningejisikia vizuri zaidi.

Nimekuja kuelezwa baadaye na yule daktari kwamba nilikuwa napigana na mtu mwenye silaha. Pua ya mbwa ina vipokea harufu zaidi ya milioni 200, yangu na yako haizidi milioni 6 hivi. Ulimi wake ndio mzembe. Una vionja ladha kama 1,700, na sisi tuna 9,000 hivi. Yaani mwenzako anaamua kwa pua kwanza, hiyo ladha ya ini walioitengeneza walikuwa wanajifurahisha wenyewe. Akanifundisha na ujanja wa vipande vitatu. Cha kwanza kitupu, ajenge imani. Cha pili kina kidonge. Cha tatu unakionyesha huku cha pili kiko mdomoni, ili akimeze haraka akifuate. Meneja alipokea cha kwanza. Alipokea cha tatu. Cha pili alikizunguka.

Nuru, mwanangu, akasema baba, labda hajui kama ni chakula, mwonyeshe. Wazo halikuwa baya. Nikapiga magoti uani, nikainama mpaka usawa wake, nikajifanya natafuna. Nikawa nasema mmm, tamu hiyo, mmm. Meneja amekaa ananiangalia. Nikasogeza mdomo kwenye bakuli kabisa ili aamini. Nainua kichwa, Mzee Kombo jirani yangu yuko kwenye uwazi wa ukuta, pale ambapo tofali ziliisha.

"Baba Nuru," akasema taratibu, "hali imefika huko? Si ungesema tu, sisi ni majirani."

Sikupata la kujibu, kwa sababu mdomo ulikuwa bado unatafuna hewa. Usiku likaletwa sinia la pilau limefunikwa kawa. Tulikula. Tufanyeje? Pilau tamu, nyama za kutosha. Meneja akakaa mlangoni anatoa udenda, mara ya kwanza mwezi ule kuonyesha hamu ya chakula, na chenyewe ndicho asichoruhusiwa. Vitunguu maji na vitunguu saumu vinamharibia mbwa chembe nyekundu za damu.

Hilo la vitunguu ndilo lililoua na mpango wangu wa makongoro. Kijiweni kila mtu anakwambia supu ya makongoro inarudisha uteute wa magoti, na wazee wanaoisifia wanaondoka wamejishika kiuno. Lakini supu ya mama ntilie ina vitunguu. Ikabidi apikiwe yake. Mama Nuru akauliza, nimesikia vizuri, mbwa anapikiwa supu yake peke yake, bila kitunguu, kwa sababu kitunguu hakimfai? Nikasema ndiyo. Akauliza, na mimi niliyekwambia maharage yananijaza gesi? Nikatoka nje kuchochea moto. Nilisaga vidonge nikavikoroga humo. Meneja alikunywa supu yote. Chini ya bakuli kukabaki unga wote, mweupe, umetulia, hata robo kijiko hakijapotea. Mpaka leo sijui alifanyaje.

Daktari akarudi. Nikamwonyesha kopo. Akalishika, akasema mzee, mbona umeanza na namba tatu? Kumbe karatasi ilikuwa na namba. Namba moja, kupunguza uzito. Namba mbili, mafuta ya samaki. Glukosamini iko chini huko, na pembeni kaandika "akipenda". Akaniambia mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walikusanya tafiti nyingi za virutubisho vya viungo vya mbwa na paka wakazipima pamoja. Omega-3, yale mafuta ya samaki, yakaonekana yanapunguza maumivu kweli. Glukosamini na kondroitini hawakuona faida yake. Wapo wenye mbwa wanaoapa kwamba imewasaidia, akasema, lakini wao huwa wameshanunua. Nikaliangalia kopo langu. Kopo kubwa.

Tukaingia kwenye mafuta. Ndani kabatini kulikuwa na chupa ya mafuta ya ini la samaki, ya watoto. Akasema hapana, hayo yana vitamini A na D nyingi, ukimpa mbwa kila siku kwa kipimo kikubwa zinajaa mwilini zinamdhuru. Tunataka mafuta ya mwili wa samaki, yaliyoandikwa EPA na DHA, na tuanze na matone. Mimi matone sikuyapenda. Niliona tunachelewa. Basi acha nisieleze asubuhi iliyofuata, ila baraza niliipiga deki mimi, kwa sabuni ya unga, huku Mzee Kombo anatazama kupitia palepale. Tukarudi kwenye matone.

Lakini alikula! Ndugu yangu, alikula. Nikapasha ugali na dagaa waliolowekwa kutoa chumvi, maana chakula cha vuguvugu kinapandisha harufu, nikachuruzia yale mafuta juu. Uani kukanuka Feri saa nane mchana. Meneja akaja mwenyewe, hakuitwa. Akaramba bakuli mpaka likahama, likapita karo, likasimama kwenye ndoo.

Nikajua sasa siri yake. Kitu kinuke. Nikarudi Masaki kununua unga wa kome wa New Zealand, wale wenye ukingo wa kijani. Huo nao una omega-3 zake, na Wazungu wanausifu kwa viungo ingawa ushahidi wake si mzito hivyo. Kome hao wamevuka bahari ngapi kuja kuliwa Goba, na mimi ndege nazionaga zinatua tu nikipita Kipawa. Nilipofungua mfuko, Mama Nuru aliutoa jikoni kwa koleo akautundika kwenye mwembe. Meneja akahamishia gunia lake chini ya mwembe. Nampa nusu kijiko cha chai, analamba mpaka kijiko. Vidole vyangu sasa vinanuka bandari. Kwenye daladala nakaa siti ya watu wawili peke yangu.

Ikabaki namba moja, uzito, ile isiyouzwa dukani. Daktari akanipa mfano wa Marekani, mbwa 48 wa aina ya Labrador waliofuatiliwa tangu wakiwa wachanga mpaka kufa, majibu yakatoka mwaka 2002. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Hao waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vilichelewa sana kuanza kuwasumbua. Kwa hiyo nami nikakata robo ya ugali. Bure kabisa, hata hela inarudi.

Meneja hakugombana. Alivuka ule uwazi wa ukuta akaenda kukaa mlangoni kwa Mzee Kombo, akajikunyata, akaangalia chini. Kesho yake kwa mama Salome. Keshokutwa kwa fundi cherehani. Na kweli amepungua, mbavu zinaonekana kidogo. Sasa mtaa umeunganisha mambo mawili, mbwa amekonda na mwenye mbwa alionekana akila kwenye bakuli la mbwa. Mjumbe wa nyumba kumi amekuja kunisalimia. Amekaa muda mrefu. Ameondoka ameacha kilo mbili za unga mezani bila kusema chochote. Mama Nuru ameupokea na ameniagiza nisirekebishe habari hizo mpaka shule zifunguliwe.

Daktari alisema tusubiri wiki 6 mpaka 8 kabla ya kuhukumu. Zimepita. Kingazi cha barazani anakipanda bila kukifikiria. Asubuhi anainuka kwa awamu moja na nusu. Kama ni mafuta, kama ni kome, kama ni robo ya ugali, au ule mwendo mfupi wa jioni kwenda kuombaomba kwa majirani, daktari mwenyewe hawezi kuapa. Mama Nuru anasema ni ugali, kwa sababu ndio haukugharimu kitu.

Sasa msomaji wangu, nikuombe jambo. Kama una mbwa mzee, muulize daktari wako kwanza, halafu dukani omba upewe kidogo cha kuonjesha. Akikataa kunusa, rudi na hela yako nyumbani. Na kama mbwa wako ni mstaarabu, anakula anachopewa, hana historia ya bucha, mimi nina kopo kubwa la vidonge vya glukosamini, ladha ya ini. Limefunguliwa, lakini vilivyomo vingi ni vizima. Vile vya juu vimelambwa kidogo tu. Nitafute Goba, ulizia yule baba wa mbwa, watakuelekeza kwa huruma. Bei tutaelewana, na laki moja ya Songea naomba usinikumbushe.